Okoa Gari Kwanza: Kutafuta Ugonjwa wa Need for Speed Underground 2 Inapogoma

Kabla hujafuta gemu ukaiweka upya, nakili gari lako. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayeniletea kompyuta yenye gemu ya mbio za magari ya Need for Speed Underground 2 iliyogoma, na wengi huniletea wakiwa wameshachelewa. Gemu yenyewe hurudi. Ukiwa na diski zake ni kazi ya muda mfupi. Lakini ile Skyline uliyoihangaikia miezi miwili, ukaishusha, ukaibandika stika, ukaipiga rangi mara nne mpaka ukaipata zambarau unayoitaka, haimo kwenye diski. Imo kwenye faili dogo sana ndani ya kompyuta yako, na mtu akikupigia Windows upya bila kuliuliza, limekwenda.

Natengeneza kompyuta hapa Dodoma. Wateja wangu wengi ni wanachuo na vijana wa Chang'ombe, Makole na Area C, na gemu hii wanaipenda kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Ilitoka Novemba 2004. Ilichotaka wakati huo ni prosesa ya 933 MHz, RAM ya MB 256 na nafasi ya GB 2, kwa hiyo laptopu ya mtumba isiyoweza gemu yoyote ya leo inaibeba bila shida. Pia inakupa kitu ambacho kijana wa hapa anakielewa mara moja. Ukisimama jioni ukatazama bajaji zinavyopita na taa za rangi chini ya bodi, stika kioo kizima na spika nyuma ya abiria, utajua kwa nini mtu anakaa saa mbili anachagua rimu.

Nitakwenda dalili kwa dalili. Mengi yanahusu pia Most Wanted ya 2005, gemu nyingine ya Need for Speed; panapotofautiana nitasema.

Faili la gari linakaa wapi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %localappdata% kisha Enter. Tafuta folda yenye jina NFS Underground 2. Ndani yake utakuta folda yenye jina lile uliloandika siku ya kwanza ulipofungua profaili. Hiyo ndiyo gereji yako: magari, pesa, mbio ulizoshinda, vyote. Nakili folda nzima ya NFS Underground 2 uweke kwenye flashi. Kwa Most Wanted ni rahisi zaidi, iko ndani ya Documents, folda ya NFS Most Wanted.

Watu hawaioni ya Underground 2 kwa sababu imo ndani ya AppData, na Windows huificha AppData. Ndiyo maana nakupa njia ya kuandika badala ya kutafuta kwa macho.

Jambo la flashi nalo: flashi zetu zinazunguka. Imetoka stesheneri, imeingia chuoni, imerudi kwa jirani. Ukifungua flashi ukakuta folda zako zimegeuka vijishale vya njia ya mkato, usivibofye. Folda zako mara nyingi zipo, zimefichwa tu na kirusi. Scan kwanza kwa kinga ya virusi, halafu fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Zitarudi kuonekana. Ukishanakili gari lako, liweke sehemu mbili. Hata ukijitumia kwa barua pepe inatosha, maana ni faili jepesi.

Dalili: nimefungua gemu, profaili yangu haipo

Mwaka jana alikuja kijana wa kidato cha nne, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Imekula gari langu."

Gemu ilifunguka vizuri kabisa, ikamtaka aandike jina jipya kana kwamba hajawahi kucheza. Nikamuuliza nani mwingine anaitumia hiyo laptopu. Akasema kaka yake amerudi likizo, na amejiwekea neno lake la siri. Nikajua. Kaka hakuweka neno la siri tu, alifungua akaunti nyingine ya Windows, na mdogo mtu alikuwa anaingilia humo. Underground 2 husevu ndani ya akaunti ya aliyeingia. Ukiingia kwa jina jingine, kwake wewe ni mgeni. Tukaenda C:\Users, tukakuta folda mbili za majina mawili, na ndani ya ile ya zamani, AppData, Local, NFS Underground 2, profaili yake imetulia. Tukanakili kwenda akaunti mpya. Gari lilipotokea gerejini hakugusa mbio hata moja. Alishika kipanya akalizungusha taratibu, mbele, ubavu, nyuma, akarudia, ndipo akaanza kutabasamu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: umeingia kwa akaunti ileile? Wengi wanaodhani wamepoteza, hawajapoteza.

Sababu ya pili ni umeme. Gemu husevu yenyewe ukimaliza mbio au ukitoka dukani, na wakati huo faili linaandikwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na ukirudi unaambiwa limeharibika. Kwenye laptopu yenye betri nzima hili halitokei, lakini laptopu nyingi tunazonunua za mtumba betri zimekufa. Chaja ikichomoka tu, kiza. Faili lililoharibika namna hii sijawahi kuliona likipona. Dawa ni ile nakala. Futa folda ya profaili iliyoharibika, rudisha ya kwenye flashi, utapoteza mbio za siku mbili badala ya miezi miwili. Mwenye kompyuta ya mezani anayecheza sana nampa ushauri anunue UPS hata ndogo, kile kifaa cha betri kinachoishika kompyuta umeme ukikatika. Dakika tano zake zinatosha kumaliza mzunguko, kusevu na kuzima kwa heshima.

Sababu ya tatu inawapata wanaocheza kwenye vyumba vya kompyuta vya kulipia. Baadhi ya wenye vyumba hivyo huweka programu inayoirudisha mashine ilivyokuwa kila inapowashwa, ili virusi visikae. Ni ulinzi mzuri kwao, ila na gari lako hufutwa usiku huohuo. Hapo usimlaumu mwenye chumba. Njoo na flashi, rudisha folda kabla ya kucheza, nakili tena kabla ya kuondoka.

Kwa Most Wanted ongeza moja: Windows 10 na 11 zina kinga inayozuia programu ngeni kuandika ndani ya Documents. Kwa kawaida huwa imezimwa, lakini kama kuna mtu aliiwasha, gemu itacheza vizuri na haitasevu kitu. Tafuta Controlled folder access kwenye mipangilio ya usalama ya Windows, uiruhusu speed.exe.

Dalili: nabofya, hakuna kinachotokea

Anza na jepesi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye orodha itakayofunguka, iitwayo Task Manager, angalia kama SPEED2.EXE tayari ipo. Mara nyingi ulipotoka jana gemu haikufa, imebaki nyuma ya pazia, na nakala ya pili haikubali kufunguka ya kwanza ikiwa hai. Iue hapo, jaribu tena.

Kama haipo, na wewe una diski halisi, tatizo lako lina jina: SafeDisc. Ni kufuli iliyowekwa kwenye diski za gemu za miaka ile kuthibitisha kwamba diski ni ya kweli. Kufuli hiyo ilitegemea faili la Windows liitwalo secdrv.sys. Faili hilo lilikuja kugundulika lina tundu la usalama; Septemba 2015 Microsoft ikatoa sasisho lililolizima kwenye Windows Vista, 7 na 8, na Windows 10 ilitoka bila hilo kabisa. Kwa hiyo diski yako nzima, isiyo na mkwaruzo, inakataa kwenye laptopu mpya, na kosa si la diski wala la laptopu. Suluhisho safi ninalolipenda mimi ni kuitafutia kompyuta ya zamani yenye Windows XP, isiyounganishwa intaneti, iwe ya gemu tu. Mashine hizo hapa mjini zinapatikana kwa bei ndogo, na gemu za wakati huo zote zinakaa humo kama nyumbani.

Usikimbilie faili la kufungulia linalogawiwa kwenye flashi na mtu usiyemjua. Nimesafisha laptopu nyingi zilizoingiwa kwa mlango huo, na baadhi zilikuwa na kazi za mwisho za chuo ndani.

Ukiona ujumbe unaotaja faili linaloanza na d3dx9, yaani la DirectX inayosaidia gemu kuchora picha, hiyo huwapata zaidi gemu za 2005 kuendelea. Mtu atakuambia "lakini nina DirectX 12!" Ni kweli unayo, ila vifaili vile vya msaada vya DirectX 9 haviji na Windows, vinawekwa kando. Pakua kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kutoka kwa Microsoft wenyewe. Usipakue hicho kifaili kimoja kutoka tovuti za kugawa vifaili. Leo utaweka kimoja, kesho itadai kingine, na hujui kimetoka wapi.

Mwisho kwenye dalili hii, bofya kulia juu ya SPEED2.EXE, ingia Properties, kwenye Compatibility uchague Windows XP na uiruhusu ifunguke kama msimamizi. Na kama gemu imewekwa ndani ya Program Files, ihamishie C:\Games; Windows hubana sana ruhusa za kuandika ndani ya Program Files.

Dalili: picha imevutika, gari limenenepa

Hakuna kilichoharibika. Mwaka 2004 skrini nyingi zilikuwa za mraba-mraba, na gemu haina kipimo cha skrini pana. Laptopu yako inaivuta picha hiyo ijaze upana wote. Kuna kirekebisho cha bure kilichotengenezwa na mpenzi wa gemu hizi anayejulikana kwa jina la ThirteenAG. Kinakuja na faili la dinput8.dll na folda ya scripts, vyote unaviweka pale ilipo SPEED2.EXE. Kinataka gemu iwe toleo la 1.2, kwa hiyo weka kwanza sasisho hilo. Ukifungua baada ya hapo Bayview, mji wa gemu hii, inakuwa nyingine kabisa, unaona mitaa ya pembeni na magari yanayokujia ubavuni. Nakuomba sana ukiweke hata kama umezoea ile ya kunenepa.

Dalili: inacheza vizuri dakika kumi, kisha inakuwa nzito

Hapa ndipo Dodoma yenyewe inapoingia. Mji wetu ni mkavu, mvua zinanyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Vumbi hilo jekundu linaingia kila mahali. Feni ya laptopu inalivuta siku nzima na kulipeleka kwenye mapezi ya shaba yanayopoza prosesa.

Nilifungua laptopu ya mwanachuo anayekaa upande wa Ng'ong'ona. Malalamiko yake: mizunguko miwili ya kwanza gari linateleza kama maji, wa tatu linakwenda kwa kuruka-ruka. Nilipotoa feni, kati yake na mapezi palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, kizito, kimeshikana, nikakibandua kwa kibanio kikatoka kizima, kirefu kama kidole. Hewa haikuwa na pa kupita hata kidogo. Prosesa ikifika joto lake la mwisho, nyingi ni karibu na nyuzi 95 hadi 100, inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo ile mizunguko miwili mizuri: ulikuwa muda wa kupata moto.

Jinsi ya kuhakikisha kabla ya kufungua: weka programu ya bure ya kusoma joto kama HWiNFO, cheza mpaka iwe nzito, toka uangalie joto la juu lililorekodiwa. Au weka kiganja pale inapotokea hewa. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni afya. Chasi ya moto na hewa kidogo ni blanketi.

Kuisafisha: zima, toa chaja, na betri kama inatoka. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, kwa sababu ukiipuliza ikazunguka kwa kasi isiyo yake unaweza kuua beringi zake. Puliza kutoka kwenye mapezi kwenda nje, malizia kwa brashi laini. Kama mashine ina miaka mingi, ile pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto itakuwa imekauka kama udongo. Ifutwe, ipakwe mpya, kidogo tu. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi, na umwambie asafishe mapezi, maana wengine huishia kupuliza kibodi. Huku kwetu nashauri ifanyike kila kiangazi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo hayahitaji bisibisi. Laptopu usiilaze juu ya godoro. Matundu ya chini yanazibwa na shuka. Tumia hata sinia. Na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kipimo cha juu cha prosesa kipunguze kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa mashine nyingi hiyo inazima ule mwendo wa ziada wa prosesa, joto linashuka sana, na gemu ya 2004 haitajua hata kama umepunguza.

Kama ni nzito tangu sekunde ya kwanza, joto silo. Angalia chaja imechomekwa na mashine haiko kwenye hali ya kubana betri. Angalia kwenye Device Manager kadi ya grafiki imeandikwaje. Ukiona Microsoft Basic Display Adapter, draiva (programu inayoiendesha kadi) haipo, na hakuna gemu itakayokwenda hapo. Kama laptopu ina kadi mbili, ingia mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya grafiki, uichagulie SPEED2.EXE ile kubwa. Ndani ya gemu punguza kwanza uakisi wa barabara na kasi ya kusasisha uakisi kwenye bodi ya gari, hivyo viwili ndivyo vinavyokula sana. Ukungu wa mwendo unaweza kuuzima bila kukosa kitu. Umbo la gari liache juu. Umelihangaikia, lione.

Ikiganda ghafla kabisa, sauti inajirudia, bila joto, jaribu kuifungia kwenye kiini kimoja cha prosesa: gemu ikiwa wazi, rudi Task Manager, sehemu ya Details, bofya kulia SPEED2.EXE, chagua Set affinity, uache CPU 0 peke yake. Gemu hii ilitengenezwa wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kiini kimoja.

Dalili: kompyuta ya mezani inazima yenyewe

Tazama taa ya chumbani. Ikififia sekunde ileile mashine inapozima, umeme wa nyumba umeshuka, na UPS au stebilaiza ndiyo dawa. Taa imetulia na mashine inazima mara tu mbio zinapoanza, shuku pawa saplai, imechoka na haiwezi mzigo wa kadi ya grafiki. Taa imetulia na inazima baada ya robo saa, ni vumbi tena.

Dalili: gari halisikii

Unakata kona, unataka na naitro (ile gesi ya kuongeza kasi ghafla), naitro haitoki. Kabla hujabadilisha mipangilio yote, jua kwamba kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma baadhi ya vitufe vitatu kwa pamoja. Fungua Notepad, shikilia mshale wa juu na wa kushoto, kisha gonga kitufe chako cha naitro. Kama ni herufi na haiandikiki, umempata mwizi. Hamishia naitro kwenye kitufe kingine, jaribu kimojakimoja mpaka kimoja kikubali. Shift na Ctrl mara nyingi hukubali.

Gari linajivuta upande mmoja ukiwa umeachia? Kama unatumia pedi ya gemu ya kushika mkononi, bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, tazama ile alama ya msalaba. Ikikaa pembeni bila kuguswa, kijiti kimelegea au kimejaa vumbi. Kalibreti hapohapo. Na kama pedi imechomekwa lakini unaendeshea kibodi, ichomoe kabisa. Nimeona gari likikata kushoto kwa sababu ya pedi iliyolala sofani.

Si ugonjwa

Haya huletwa kwangu kama hitilafu, na siyo.

"Duka halina injini ya juu." Vifaa havifunguliwi kwa pesa tu, vinafunguliwa kwa kushinda mbio na kusonga hatua. Na maduka yenyewe mengine hayaonekani kwenye ramani mpaka uyapitie. Zunguka mji usiku bila haraka, ukiona mwanga wa rangi mbele ya jengo, sogea.

"Barabara imefungwa." Bayview haifunguki yote siku ya kwanza. Maeneo mengine yanasubiri hatua zinazofuata.

"Kwenye yangu hakuna Civic." Toleo la Amerika Kaskazini ndilo lililokuwa na Honda Civic na Acura RSX. La Ulaya lina Peugeot 106 na Corsa mahali pake. Corolla AE86 ipo kote, na nakusihi uijaribu kwenye drifti kabla hujaidharau kwa kuwa jina lake unalijua kwenye teksi.

"Naitro haijai." Inajazwa na uendeshaji: teleza kwenye kona, pita karibu na gari la raia bila kuligusa. Ukiendesha kwa woga itabaki tupu.

"Nimekamilisha kila kifaa na bado naachwa." Kwanza, wapinzani huvutwa nyuma yako kwa makusudi; gemu imeundwa hivyo ili mbio zisipoe. Pili, na hili ndilo hasa, kununua kifaa si kukipangilia. Nenda kwenye dainamomita ya gerejini, mashine ya kupimia nguvu ya gari, utune uwiano wa gia. Gari lenye gia ndefu linakufa kwenye kona fupi za Street X, mbio za njia fupi zenye kona nyingi. Lenye gia fupi linafika mwisho wa mwendo katikati ya barabara kuu na kubaki linalia. Badilisha kitu kimoja, endesha, rudi. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kilichosaidia.

"Picha ya jalada haifunguki." Gazeti na jalada la DVD vinadai nyota za mwonekano, mwisho ni 10. Rangi na rimu pekee hazikufikishi. Bodi pana, milango ya kufunguka juu, mziki wa buti na neoni ndivyo vinavyopandisha. Wapo wanaokataa kwa sababu hawapendi gari lenye vurugu. Nawaelewa. Chukua gari la pili la kazi hiyo, lako la moyoni liache lilivyo.

Kwenye simu

Wasio na kompyuta wanacheza Underground Rivals ya 2005, gemu ya PSP (mashine ya gemu ya mkononi ya Sony), kupitia PPSSPP, programu inayochezesha gemu za PSP kwenye simu. Ikiwa nzito, shusha ubora wa picha mpaka 1x, badilisha kati ya Vulkan na OpenGL, njia mbili za kuchora picha, uone simu yako inapenda ipi, na usicheze ukiwa umeketi juani. Gari lako humo lina makazi mawili. Ukisevu ndani ya gemu linakaa PSP/SAVEDATA; ukitumia kitufe cha kusevu cha programu yenyewe linakaa PPSSPP_STATE, na hicho cha pili kinaweza kukataa kufunguka baada ya programu kusasishwa. Sevu ndani ya gemu, unakili SAVEDATA.

Ukijaribu yote na bado imegoma, mpelekee fundi ikiwa na chaja yake ileile, maana adapta mbovu nayo hufanya mashine kuwa nzito. Piga picha ya ujumbe wa kosa ukiwa bado kwenye skrini, neno kwa neno. Mwachie neno la siri la akaunti unayochezea. Na juu ya kikaratasi anachobandika kwenye laptopu, chini ya jina lako, mwambie aandike kwa kalamu nyekundu: kuna gari ndani, usipige Windows.